Si mawese hayo, mama

Shikamoo Mzee Fundi,

Naandika kutoka Mwandiga, hapa Kigoma. Nina Hilux ya dizeli ya mwaka 1996 niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na ndiyo inayotulisha. Nakusanya mawese kwa akina mama wa vijijini, nayashusha mjini, mengine yanapanda treni. Siku za dagaa tunateremka Kibirizi alfajiri kuchukua magunia. Dereva ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 24, nimemlea tangu yuko darasa la tatu.

Kinachonisumbua ni klachi. Ilianza taratibu. Asubuhi kijana akiwasha gari, rivasi inagoma, akilazimisha inalia kama mashine ya kusaga iliyomeza msumari. Akipampu pedeli mara tatu nne inaingia, tunaondoka. Nikaipeleka gereji. Fundi akasema ni silinda ya chini, ile iliyo ubavuni mwa giaboksi, raba zake zimekwisha. Akabadilisha raba, kisha akamweka kijana kwenye pedeli, "kanyaga, achia, kanyaga, achia", karibu nusu saa nzima wakitoa upepo. Pedeli ikawa ngumu, gia zikaingia kama kisu kwenye ndizi mbivu. Nikalipa, nikashukuru.

Hazikupita wiki mbili, ugonjwa ukarudi umenona. Sasa pedeli ukiikanyaga inazama yenyewe hadi sakafuni. Juzi tulikuwa kwenye foleni pale Mwanga sokoni, kijana amekanyaga klachi, gia namba moja iko ndani, anasubiri bajaji zipite. Gari likaanza kujivuta lenyewe huku mguu wake uko chini kabisa, nimeuona kwa macho yangu. Likagusa baiskeli ya muuza miwa. Hakuumia mtu, ila nimelipa rimu na miwa iliyokanyagwa.

Fundi sasa anasema tushushe giaboksi, tuweke disiki, presha pleti na beringi mpya, shilingi 650,000 pamoja na ufundi wake. Tena akasema mbele ya watu, "Mama, huyu kijana wako ndiye aliyemaliza klachi, mguu wake unalala kwenye pedeli." Tangu siku hiyo kijana hali chakula cha jioni na sisi. Na mimi nilishaanza kumtilia shaka kwa jambo jingine. Nikifagia gari nilikuta chini ya kiti chake chupa mbili za mafuta ya breki, moja imebaki nusu. Nilipomuuliza akasema, "Ni za gari, mama mdogo," akanyamaza. Nikajiuliza kama hela ya dizeli ndiyo inayogeuka chupa, chupa zikauzwa.

Nikueleze na mengine, huenda yakasaidia. Nguvu gari linazo: mlima wa kutoka Kibirizi na magunia linapanda bila harufu yoyote. Mkeka wa upande wa dereva unateleza kwa mafuta, lakini hilo ni la kawaida, gari la mawese utalikuta mawese kila mahali. Rangi ya bati chini ya pedeli nayo imebanduka, nadhani ni uzee.

Je, nitoe hiyo 650,000? Na kijana nimtoe kwenye usukani?

Mama wa Pikapu, Mwandiga

*

Marahaba, mama. Pole kwa klachi, na pole zaidi kwa sahani moja iliyopungua mezani.

Hela usitoe kwanza, na ufunguo mrudishie kijana. Barua yako umeiandika kama mtu anayelalamikia njaa huku amekalia gunia la mchele: jibu liko kwenye yale "mengine" uliyoyaweka mwishoni. Mkeka unaoteleza, rangi iliyobanduka, chupa chini ya kiti. Ukiviweka pamoja, vinaonyesha kitu kimoja kilicho juu ya pedeli, ndani ya gari, mbali kabisa na giaboksi.

Nianze na tofauti ambayo mafundi wengi tunairuka, nami nikiwamo. Klachi huugua kwa namna mbili zinazopingana. Kuna klachi inayoteleza: injini inapiga kelele, gari haliendi, ukipanda mlima unasikia harufu ya kuungua. Hiyo ni disiki iliyokwisha, ile sahani inayoshikanisha injini na giaboksi, na hapo giaboksi lazima ishuke. Halafu kuna klachi isiyokata: ukikanyaga pedeli, injini na giaboksi haviachani, gia zinalia, rivasi inagoma, na gari linajivuta ukiwa umesimama. Lako ni hilo la pili. Disiki yako inashika, tena inashika kupita unavyotaka, maana hata ukiiambia iachie haiachii. Gari linalopanda mlima wa Kibirizi na magunia ya dagaa bila harufu halijamaliza disiki. Kununua disiki mpya kwa ugonjwa huo ni kumnyoa mtu anayeumwa jino.

Uhakikishe mwenyewe, dakika moja tu. Gari limesimama, injini imezimwa, mwambie kijana aingize gia zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, na rivasi. Kisha awashe, akanyage klachi, ajaribu tena. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, na zikigoma au kulia injini ikiwaka, basi hitilafu ni klachi kutokata, na sehemu ya kwanza ya kutazama ni mafuta yanayoisukuma.

Klachi ya gari hili haivutwi kwa waya kama ya pikipiki. Fikiria mabomba mawili ya sindano ya hospitali yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba, ndani yamejaa mafuta ya breki. Ukibonyeza la juu, la chini linasukumwa. Bomba la juu ni masta ya klachi, imefungwa kwenye ukuta wa injini mbele ya pedeli, na kikopo chake kidogo cha mafuta kiko juu. Bomba la chini ni ile silinda aliyoshughulikia fundi wako, nayo inasukuma uma unaofungua klachi. Mafuta hayaminyiki, kwa hiyo kila milimita unayokanyaga hufika chini. Lakini mafuta yakivuja, au yakipenya pembeni ya raba, au upepo ukiingia (upepo unaminyika), mguu unashuka na huko chini hakuna kinachosogea vya kutosha.

Sasa turudi kwenye mkeka wako.

Masta ikichoka raba ya nyuma, mafuta hayadondoki chini ya gari ambako kila mtu angeyaona. Yanafuata kifito cha pedeli, yanaingia ndani ya gari, yanatambaa kwenye ukuta na kushuka kwenye mkeka. Mafuta ya breki ni adui wa rangi. Bati likiloweshwa siku nyingi, rangi inavimba na kubanduka. Wewe unabeba mawese, ukaona utelezi, ukasema mawese. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini kuna kipimo ambacho hakihitaji fundi. Chukua kitambaa cheupe, futa pale juu kabisa, mahali kifito cha pedeli kinapoingia ukutani, si kwenye mkeka. Mawese yataacha rangi ya machungwa, na alfajiri kukiwa na baridi yataganda kidogo. Mafuta ya breki hayagandi, na rangi yake ni ya majani ya chai au nyeusi kama yamechakaa. Ukiwa bado na wasiwasi, loweka kitambaa kwenye maji bila sabuni. Mawese yatakataa maji, yataelea. Mafuta ya breki yataingia kwenye maji na kupotea, kwa sababu hayo yanachanganyika na maji. Nawa mikono baada ya hapo, ni sumu.

Wakati huo huo fungua boneti, piga alama kwa kalamu ya wino kwenye kikopo cha klachi, usawa wa mafuta yalipo. Mwendo wa siku mbili yakishuka chini ya alama, kuna kunakovuja. Katika Hilux yako kikopo hiki kiko peke yake, si kile cha breki. Kuna magari mengine ambayo klachi na breki vinakunywa kikopo kimoja, na huko uvujaji wa klachi unaweza kuanza kula hadi mafuta ya breki.

Na sasa zile chupa. Mama, kijana wako haibi dizeli. Kijana wako anaongeza mafuta ya klachi kila yanapopungua, pengine kwa hela ya mfukoni mwake, na hasemi kwa kuwa anajua mtu wa kwanza kulaumiwa gari likiugua ni dereva. Akalaumiwa hata hivyo, tena mbele ya watu. Kosa lake lipo, nalo ni kunyamaza. Angekwambia wiki ya kwanza kwamba kikopo kinapungua, ungeokoa hela ya silinda ya chini au ungeiongezea ukanunua masta pia. Huo wizi uliomhisi nao, ufute.

Ila kuna swali moja lazima umuulize, tena umuulize kwa upole ili aseme kweli: je, siku yoyote, njiani, chupa imekwisha, alimimina kitu kingine? Oili ya injini, oili ya giaboksi, ile nyekundu ya usukani, hata maji ya sabuni? Nimeyaona yote hayo. Raba za klachi zimetengenezwa kuishi na mafuta ya breki tu. Zikiguswa na oili ya injini zinavimba kama maandazi, na hapo hakuna kuosha: masta, silinda ya chini na mpira unaoviunganisha vyote vinaondoka. Huhitaji kumtegemea kijana peke yake kwa jibu. Fungua mfuniko wa kikopo, kama ndani una raba itazame. Ikiwa imelegea, imejikunja mawimbi, haitaki kurudi mahali pake, basi oili iliingia.

Umeuliza pia kama fundi alikosea. Hukuuliza waziwazi, lakini nimelisikia swali. Silinda ya chini inawezekana kweli ilikuwa imechoka. Masta na silinda ya chini huzeeka pamoja kama meno ya mzee, ukiling'oa moja la pili linaanza kucheza. Raba mpya zikiwekwa chini, presha haivuji tena huko, mzigo wote unarudi kwa raba kongwe za juu. Hilo la kwanza. La pili ndilo linaloniuma, kwa sababu nami nililifanya kwa miaka. Ile "kanyaga, achia" ya nusu saa, mguu mpaka sakafuni. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta inatembea sehemu ileile ya silinda, sehemu hiyo inakuwa laini kama kioo. Mbele yake, kule isikofika, miaka karibu thelathini imejenga kutu na matope. Siku ya kutoa upepo unaizamisha pistoni mpaka huko, ncha za raba zinakwanguliwa, zinarudi zimechanika. Pedeli inakaa ngumu siku kumi, kumi na nne, kisha inazama. Hesabu yako ya wiki mbili imeingia hapohapo. Mimi siku hizi naweka kipande cha mbao chini ya pedeli, isifike sakafuni.

Kabla hujanunua kitu, mpime masta. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya matairi. Anayelala chini asitegemee jeki peke yake. Kijana akanyage pedeli mara moja, aishikilie dakika nzima bila kupampu. Wewe au fundi mtazame kifito cha silinda ya chini kinachosukuma uma. Kwa gari la namna hii kinapaswa kutoka karibu sentimita moja na nusu na kubaki hapo. Kikitoka kisha kikaanza kurudi ndani polepole wakati mguu bado uko chini, na silinda ya chini haivuji, masta inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Hilo ndilo lililomgharimu muuza miwa: klachi ilikata, halafu presha ikapenya kando ya raba, klachi ikajifunga yenyewe na gari likaondoka. Kifito kikitoka kidogo tu tangu mwanzo, na kikiongezeka ukipampu, hapo kuna upepo.

Mtazame pia silinda ya chini yenyewe. Ivute ile kofia ya raba ya vumbi iliyo kwenye mdomo wake. Ikimwaga mafuta, raba mpya za fundi nazo zimeshindwa, na mara nyingi sababu ni ukuta wa silinda kuwa na vishimo vya kutu. Pitisha ukucha ndani; ukinasa, raba yoyote utakayoweka pale itaishi wiki chache. Ndiyo maana kwa gari lenye umri huu sipendi kununua raba peke yake, nanunua kitu kizima. Na mpira unaounganisha juu na chini, ukiona umevimba mtu anapokanyaga, au una nyufa, utoe. Kuna mafundi wanaoubana kwa koleo kupima: ukibanwa na pedeli ikawa ngumu kama jiwe, masta ni nzima na tatizo liko chini, ikiendelea kuzama, masta ndiyo mgonjwa. Kipimo ni kizuri. Lakini mpira wa mwaka 1996 ukiubana unaweza kupasuka ndani, kwa hiyo kifanye tu kama umeshaamua kuubadilisha.

Kisha nenda kanunue. Usiende na maneno "masta ya Hilux", nenda nayo mkononi. Kwenye mwili wake kuna namba ya upana wa silinda, kwa masta nyingi za Toyota utakuta 5/8, yaani inchi. Lazima zifanane. Ukiwekewa nyembamba zaidi mafuta yanayosukumwa yanakuwa machache na klachi haitakata hata kama kila kitu ni kipya; utarudi kwenye hadithi ya giaboksi. Kama unaagiza Dar na spea inakuja kwa basi, piga picha ya namba hiyo, ya matundu ya boliti na ya upande paipu inapoingilia. Masta na silinda ya chini mpya kwa pamoja vitakula sehemu ndogo ya hiyo 650,000, na kazi ni ya nusu siku, giaboksi ikiwa imelala mahali pake.

Mafuta ni ya breki, DOT 3, ndiyo yaliyoandikwa kwenye mfuniko wa magari mengi ya aina hii. DOT 4 yanachanganyika nayo bila madhara. DOT 5 usiyaguse, hayo ni ya silikoni, hayapatani na wenzake. Dukani wakikwambia "yote ni breki", soma chupa mwenyewe.

Kutoa upepo nakushauri msifuate njia ya pedeli kabisa. Nenda duka la dawa ununue bomba kubwa la sindano bila sindano yake, na kipande cha mpira laini unaopenya mwanga. Chota kwenye kikopo cha juu mafuta machafu yote, acha kidogo tu. Jaza bomba mafuta mapya, sukuma mpaka mpira wote ujae bila povu, uchomeke kwenye nipeli ya silinda ya chini, kile kiskrubu cha kutolea upepo, legeza nipeli nusu mzunguko kwa spana (namba 10 au 8), kisha sukuma polepole kutoka chini kwenda juu. Upepo kwa asili yake unapanda, kwa nini tuulazimishe ushuke? Mtu asimame juu akitazame kikopo, kisifurike, maana yakimwagika kwenye bodi rangi inaondoka. Yakimwagika, mwaga maji mengi palepale. Funga nipeli kabla hujachomoa mpira. Rudia mpaka viputo viishe juu. Mara mbili tatu zinatosha, na kijana anaweza kuwa amekaa pembeni anakula muhindi.

Mkishamaliza, bonyeza pedeli kwa kidole. Lazima iwe na plei kidogo kabla haijagusa kitu kizito, milimita 5 mpaka 15 juu ya pedeli. Wengi wakiona plei wanaiondoa kwa kukaza kifito wakidhani wanaboresha. Ukiimaliza plei yote, tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kikopo halifunguki. Gari likipata moto mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, yanaanza kusukuma uma yenyewe. Hapo klachi nzima itaanza kuteleza mlimani, na mtu atakwambia tena disiki imekwisha.

Nisiwe mwongo, kuna siku giaboksi inashuka kwa haki. Kama kifito cha chini kinatoka sentimita yake moja na nusu, kinabaki hapo, na gia bado zinalia, basi ugonjwa uko ndani: uma umepasuka au kitako chake kimelika, vidole vya presha pleti, ile inayoibana disiki, vimevunjika, au ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, imekwama inaizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imekata. Ukisikia mlio kila ukikanyaga pedeli na unaondoka ukiachia, ni beringi ya klachi. Gari lililolala miezi ya mvua nalo huweza kugandisha disiki kwenye flaiwili kwa kutu, lakini lako halijalala hata Jumapili. Ikishuka, badilisha vyote kwa mkupuo, na mtazame sili ya nyuma ya injini wakati pako wazi.

Nilishaliona hili kwa hasara yangu. Miaka hiyo niko Tabora, Land Rover ya mkulima wa tumbaku ilinifia barabara ya Urambo, gia haziingii. Tukashusha giaboksi chini ya mwembe, sisi watu wanne, kuanzia asubuhi mpaka kigiza. Disiki nzima, beringi nzima, kila kitu kizima. Tulipopandisha tena, bado haikati. Mpira wa klachi ulikuwa unavimba kama shavu la mtoto kila mtu akikanyaga, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameutazama. Mkulima alilipa siku nzima ya kazi isiyohitajika. Sikumrudishia hela, na sijajisamehe.

Kuhusu fundi wako, usimwendee na barua hii mkononi kama hati ya mashitaka. Mji wa Kigoma si mkubwa na mafundi wanaojua Hilux za zamani utawahitaji tena. Mwambie, "Fundi, kabla ya giaboksi nataka tuweke masta na silinda ya chini nzima, kwa hela yangu." Kazi mpe yeye. Akikataa hata kupima kifito, hapo ndipo utafute mwingine. Na mguu wa kijana kwenye pedeli, kama kweli unalala, utaua beringi na disiki siku za usoni, basi mkanye. Kwenye mteremko na mlima wa mjini ashike gari kwa breki, asilishike kwa klachi. Lakini mguu hauchani raba ya masta.

Msilipeleke sokoni gari hilo mpaka litengenezwe. Likiwa limekwama mbali na lazima lirudi nyumbani, barabara iwe tupu na mbele kusiwe na mtu: zima injini, ingiza gia namba moja, kisha washa likiwa ndani ya gia hiyohiyo, litaruka kidogo na kuondoka. Mwendo wa polepole, gia moja, mpaka nyumbani. Kwenye foleni njia hiyo usithubutu.

Na ile chupa iliyobaki nusu, hata kama ni mafuta halali, usiruhusu imiminwe kwenye masta mpya. Mafuta ya breki yakifunguliwa yanakunywa unyevu wa hewa, na hewa yenu ya ziwani haina uchoyo wa unyevu. Maji hayo ndiyo yanayoanzisha kutu ndani ya silinda. Nunua chupa mpya iliyofungwa, ifunguliwe siku ya kazi. Ile iliyobaki nusu ipelekeni gereji inakomwagwa oili chafu, isimwagwe shambani, na isihamishiwe kwenye chupa ya soda hata kwa saa moja, kwa sababu kwa rangi inafanana na juisi na nyumbani kwako kuna watoto.